Lami Chini ya Gari Kuukuu: Inazuia Kutu au Inaificha?

Ndugu msomaji, ukienda kununua ng'ombe unafanya nini? Hutazami pembe tu. Unamfunua mdomo ukaone meno. Unampapasa mbavu. Unamtembeza uone kama anachechemea. Lakini tukienda kununua gari kuukuu, wengi wetu tunatazama rangi, tunapiga honi, tunawasha taa, basi. Chini ya gari hatuinami. Na tukiinama tukakuta kumepakwa lami nyeusi inayong'aa, tunafurahi. Tunasema, "Gari hili limetunzwa."

Sisi tulisema hivyo hivyo. Tulikuwa kikundi cha wakulima huko Muleba. Tulichanga fedha za kahawa kwa misimu miwili, tukanunua Land Rover ndefu, ya zamani, ya kubebea ndizi na kahawa. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotumwa kuikagua. Niliinama, nikaona lami mpya kila mahali. Niliwaambia wenzangu, "Tulipe." Maneno hayo ni yangu, wala simsingizii mtu.

Mwezi wa Aprili, katikati ya mvua, gari lilikuwa linateremka kutoka Kamachumu likiwa na mikungu ya ndizi na watu wanne nyuma. Tulisikia mlio kama wa mti unaovunjika. Springi ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imeng'oka pamoja na kipande cha chasisi kilichoishika. Gari likalalia ukingo wa barabara. Lingelalia upande wa pili, kwenye bonde, leo nisingeandika habari hizi. Mama mmoja alivunjika mkono.

Fundi alipofika hakuuliza maneno mengi. Alitoa bisibisi mfukoni akaichoma kwenye chasisi, mahali penye lami nzuri kabisa. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa yakatoka maji ya rangi ya chai na tope jekundu.

"Wazee wangu," akasema, "mlinunua gari au mlinunua lami?"

Mwenyekiti wetu akamwuliza, "Fundi, kwani lami hii siyo kinga ya kutu?"

"Ni kinga, waitu, ikipakwa juu ya chuma. Hii ilipakwa juu ya kutu."

Somo letu la leo limo katika jibu hilo. Tutaona kutu ni nini, lami inafanya kazi gani, namna ya kuikwangua ile ya zamani, na namna ya kupaka mpya.

KUTU NI NINI?

Kutu ni chuma kinachorudi kuwa udongo. Sisi wa Buhaya jambo hili lisitushangaze. Katuruka, karibu na Maruku, na pia Kemondo kando ya ziwa, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuri ya chuma. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba mababu wa nchi hii walikuwa wakitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri, wakawaonyesha jinsi ilivyofanyika.

Wazee hao walichukua mawe yenye chuma, makaa na mivukuto. Katika mawe hayo chuma kimeshikana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai tunapovuta pumzi. Moto mkali wa makaa unavitenganisha, chuma kinabaki peke yake. Kutu ni safari ya kurudi. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, kinaanza kushikana tena na oksijeni. Rangi yake inakuwa nyekundu kama udongo wa kwetu. Na udongo wetu ni mwekundu kwa sababu hiyo hiyo: una chuma kilichoshikana na oksijeni.

Hebu jaribu mwenyewe nyumbani. Tafuta misumari mitatu mipya na chupa tatu. Msumari wa kwanza utie katika chupa kavu, uzibe vizuri. Wa pili utie katika maji yaliyochemshwa sana yakapoa, kisha mimina mafuta ya kula juu ya maji ili hewa isiingie. Wa tatu utie katika maji ya kawaida, nusu uwe ndani, nusu uwe nje. Ngoja wiki moja. Msumari wa tatu ndio utakaoota kutu kwanza. Wa kwanza ulikosa maji, wa pili ulikosa hewa. Ukipenda, ongeza chupa ya nne yenye maji ya chumvi. Utaona chumvi inavyoharakisha.

Kazi ya lami ni kama ile ya mafuta katika chupa ya pili. Inakaa kati ya chuma na maji na hewa. Ikishikana na chuma safi, maji hayapiti. Lakini ikipakwa juu ya kutu, tope au unyevu, imefungia adui ndani ya nyumba. Tena kutu inavimba, maana inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikivimba inaisukuma lami, lami inaachia, maji yanaingia katikati. Sasa maji hayo hayakauki hata jua likiwaka, kwa kuwa lami yenyewe imeyafunika. Hapo ni afadhali chuma kingekuwa wazi.

KWETU NI MAHALI PABAYA KWA CHUMA

Bukoba mjini kunanyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hawafikii hata 700. Kwa hiyo gari linaloishi Dodoma miaka thelathini na gari linaloishi Bukoba miaka thelathini hayana umri mmoja, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Halafu kuna tope. Barabara kuu ina lami, lakini ndizi hazioti kando ya barabara kuu. Gari linaingia kwenye vibanja, linatoka na tope limejaa kwenye matao ya magurudumu, juu ya tanki la mafuta na kwenye kila kona ya chasisi. Tope hilo linashika maji kama sifongo. Nje mnaona gari limekauka, kumbe ndani ya kona linakaa mbichi siku nyingi.

Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi kama ya Dar es Salaam au Tanga. Hiyo ni nafuu. Lakini wako wenye magari wanaobeba samaki. Sangara waliotiwa chumvi, wale tunaowaita kayabo, hutoka visiwani kwa mitumbwi hadi kwenye mialo ya Muleba, kisha hupakiwa kwenye magari. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye sakafu ya gari, yanapita kwenye nyufa, yanafika kwenye chasisi. Gari la kayabo lioshwe chini kwa maji matamu kila baada ya safari. Lisipooshwa, hakuna lami itakayolisaidia.

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Katika nchi za theluji watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na magari yao yanaoza chini upesi sana. Hata Japani, katika kisiwa cha kaskazini kiitwacho Hokkaido, theluji ni nyingi mno. Baadhi ya magari ya Kijapani yanayoletwa Afrika Mashariki yametoka sehemu za namna hiyo. Kwa hiyo hata gari "jipya" lililofika juzi bandarini litazamwe chini.

MAGARI YA ZAMANI YANAOZEA WAPI?

Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, huko Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na chuma kilikuwa adimu kule. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Basi mtu akiona bodi nzima anadhani gari zima ni zima. Sivyo. Chasisi yake ni ya chuma. Ni mabati manene yaliyochomelewa yakafanya kama sanduku refu, tupu ndani. Tope na maji huingia humo kwa vitundu, yakakaa. Kutu inaanza ndani na kutoka nje. Siku utakayoiona nje, ukuta umekwisha kuwa mwembamba kama ganda la yai.

Sehemu za kutazama kwanza ni boriti ya nyuma kabisa, ile ya kukokotea. Mahali springi zinaposhika chasisi. Mikono ya pembeni inayobeba bodi. Na ukuta wa mbele, dereva anapoweka miguu, maana huo nao ni chuma. Pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Maji yakiwa katikati yao, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Magari madogo ya abiria, mathalani Peugeot 404 na 504, yana shida nyingine. Hayana chasisi ya kujitegemea. Sakafu na kingo za chini ya milango ndizo zinazobeba gari. Sakafu ya Land Rover ikitoboka, unalowa miguu. Ya Peugeot ikitoboka sana, gari linaweza kukunjika.

Unapokwenda kununua, chukua vitu vinne: tochi, bisibisi, nyundo ndogo na sumaku. Gonga polepole. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, kama debe lililojaa mchanga. Sumaku inashika chuma. Isiposhika kwenye sehemu inayopaswa kuwa ya chuma, hapo pana puti iliyozibia tundu. Halafu mwombe mwenye gari ruhusa ya kukwangua lami mahali patatu au panne, pa ukubwa wa kiganja. Mwenye gari zima atakuruhusu, labda atanuna kidogo. Akikataa kabisa, mwage kwa heri, rudi nyumbani na fedha zako. Lami mpya inayonuka bado, kwenye gari linalouzwa wiki hii, mimi siku hizi naihesabu kuwa ni onyo.

KUKWANGUA LAMI YA ZAMANI

Kazi hii ni chafu na ndefu. Kwa mtu mmoja ni siku nne au tano, si saa mbili. Ifanyeni wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ili chuma kikauke.

Kabla ya yote, usalama. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki hulegea, au huteleza, na gari halimpi mtu nafasi ya kukimbia. Weka gari mahali tambarare, ardhi iwe ngumu. Zuia magurudumu kwa vigingi. Linyanyue kwa jeki, kisha liwekee stendi za chuma au magogo mazito ya mti mgumu. Tofali hazifai, hupasuka ghafla. Likusukume mtu kwa nguvu kabla hujaingia. Likitikisika, panga upya. Fungua waya wa betri. Na mtu mwingine awepo karibu. Usifanye kazi hii peke yako nyuma ya nyumba.

Siku ya kwanza ni ya kuosha tu. Toa tope lote kwa maji na kijiti, hasa kwenye kona. Msioshee ziwani wala mtoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa ziwa na mto, na mafuta ya gari lako yatanywewa na watu wa chini. Acha gari likauke.

Sasa tazama lami yenyewe. Ibonyeze kwa kidole gumba. Iko lami inayobonyea na kunata. Hiyo bado ina uhai. Kama imeshika vizuri, na ukikwangua kidogo unakuta chuma cheupe au rangi nzima chini yake, usiibandue. Kuna mafundi wanaobandua kila kitu ili walipwe siku nyingi. Mahali pazuri paachwe. Iko nyingine iliyokauka, ina nyufa kama udongo wa jua kali, ukiigonga inaruka vipande. Hiyo yote itoke. Na iko iliyovimba kama lengelenge. Toboa lengelenge hilo. Maji yakitoka, fuata lami hiyo mpaka utakapokuta imeshika chuma.

Tumia kisu butu cha kupigia puti, au patasi isiyokata sana, halafu brashi ya waya. Anza pembeni mwa ufa, ingiza kisu chini ya lami, sukuma. Asubuhi na mapema kukiwa na baridi, lami iliyozeeka huruka kwa urahisi zaidi kuliko mchana. Iliyonata ifanyie kinyume chake: paka mafuta ya taa kwa kitambaa, ngoja robo saa, kisha kwangua. Futa, rudia tena.

Usitumie petroli. Mvuke wake unatambaa chini, cheche moja ya nyundo inatosha. Hata kwenye mafuta ya taa, sigara iwe mbali, na kazi ifanyike nje, si ndani ya banda. Wako mafundi wanaolainisha lami kwa moto wa gesi. Ni kweli lami inatoka haraka. Lakini chini ya gari kuna tanki, kuna paipu za mafuta, kuna mipira ya breki, na lami yenyewe inawaka. Kama huna uzoefu, acha. Mikono inachelewa, lakini haichomi gari.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya lami za magari za miaka ya zamani zilichanganywa na nyuzi za asibesto. Nyuzi hizo zikiingia kwenye mapafu zinaleta ugonjwa, na ugonjwa hutokea miaka mingi baadaye, wakati mtu amekwisha sahau. Kwa hiyo usitumie mashine ya kusagia juu ya lami kavu, ikarusha vumbi hewani. Kwangua kwa mkono, ikiwa imeloweshwa. Funga pua na mdomo, vaa miwani. Mabaki yakusanye kwenye mfuko, usiyaache watoto wakayachezea, wala usiyachome moto jikoni.

Fanya kazi polepole penye paipu za breki. Hapo ndipo penye roho ya abiria. Paipu hizo ni za chuma chembamba, mara nyingi zimefungwa kandokando ya chasisi, na aliyepaka lami alizifunika nazo. Zisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, usizikwangue kwa patasi. Ukikuta paipu ina vishimo vya kutu, usiirudishe barabarani. Inabadilishwa nzima. Mipira ya breki, ile inayonyumbuka karibu na magurudumu, isiguswe na mafuta ya taa wala oili, maana huvimba na kulainika.

Lami ikiisha kutoka, utaona chuma kilivyo. Chukua tena nyundo na bisibisi, gonga kila mahali. Kutu ya juu juu inatoka kwa brashi ya waya na msasa. Kutu ya magamba, ile inayobanduka kama gome la mti, ing'oe yote uone kilichobaki. Bisibisi ikipenya, sehemu hiyo haina dawa ya kopo. Ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, ichomelewe chuma kipya cha unene ule ule. Fundi wa kuchomelea asiweke kiraka juu ya kilichooza. Na lami yote iliyo karibu iondolewe kwanza, na tanki lishushwe, maana moto wa kuchomelea ukikutana na lami au mvuke wa mafuta mtapoteza gari na fundi.

KUPAKA UPYA

Chuma kikiwa kisafi, kioshe kwa maji ya sabuni kutoa mafuta, suuza, acha kikauke juani siku nzima au mbili. Kisha futa kwa kitambaa chenye tina kidogo. Mkono wenye jasho usikiguse tena.

Siku hiyo hiyo paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya mabati na madirisha ya chuma. Usingoje kesho. Kwetu hapa, umande wa usiku mmoja unatosha kukiwekea chuma kitupu kutu mpya. Paka mara mbili, kila mara uache ikauke kama kopo linavyoeleza. Ndugu msomaji, soma maelezo ya kopo. Ulijifunza kusoma kwa kazi kama hizi. Kopo linaeleza kiasi cha tina, saa za kukauka, na kama rangi hiyo inapatana na lami.

Baada ya hapo ndipo lami. Nunua lami ya makopo iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Lami ya barabara haifai. Ikichemshwa na kupakwa inang'aa siku ya kwanza, kisha inakuwa ngumu, inapasuka kwa mtikisiko wa barabara zetu, na tumerudi pale pale. Paka kwa brashi, tabaka jembamba, liache likauke mpaka kesho, kisha tabaka la pili. Mtu mwenye haraka hupaka tabaka moja nene. Linakauka juu, chini linabaki bichi, mwishowe linaachia. Penye matao ya magurudumu ongeza tabaka la tatu, kwa sababu mawe yanapiga hapo.

Ziko sehemu zisizopakwa kabisa. Bomba la moshi, kwa sababu ya joto. Ngoma za breki na mipira yake. Shafti inayozunguka, maana lami ikikaa upande mmoja inaleta mtikisiko. Nipo za grisi. Nambari ya chasisi, msije mkagombana na polisi. Na vile vitundu vya chini vya chasisi na milango, usivizibe hata kimoja. Watu hudhani ni matundu ya kuoza, kumbe kiwanda kiliyaweka ili maji yatoke. Kabla ya kupaka, chomeka vijiti humo. Lami ikikauka, vitoe.

Ndani ya sanduku la chasisi lami nzito haifiki, na ikifika inaziba. Huko kunatakiwa kitu chepesi kinachotambaa chenyewe. Yako mafuta ya nta yanayouzwa kwa kazi hiyo, hupulizwa kwa bomba refu kupitia vitundu. Katika nchi nyingine hutumia mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo. Ukikosa yote hayo, oili safi ya gia iliyochanganywa na grisi kidogo, ikapashwa kwa maji ya moto ili iwe nyepesi, inasaidia. Lazima irudiwe kila mwaka. Kwa maoni yangu, kwa gari la zamani la mvua zetu, mafuta haya ya ndani yana faida kuliko lami ya nje. Lakini mteja hayaoni, kwa hiyo hayalipii, na fundi hayapaki.

Na ile oili chafu ya injini ambayo madereva wengi hupulizia chini? Sitasema haifanyi kazi. Inazuia maji kwa muda. Lakini inaharibu mipira na bushi, ikiingia kwenye breki gari halishiki, na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye kibanja na kwenye kisima. Oili hiyo ina uchafu wa injini usiofaa kwenye ngozi ya mtu, sembuse kwenye maji ya kunywa. Mimi ninaikataa.

WEKENI DAFTARI

Gari letu halikutupwa. Tuliuza mbuzi, tukachanga tena, chasisi ikachomelewa upya upande mzima wa nyuma. Aliyetuuzia tulimwendea. Alisema gari liliuzwa kama lilivyoonekana, nasi tulikuwa tumetia sahihi. Matibabu ya yule mama tulilipa sisi.

Tangu hapo kikundi kina daftari la gari. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli tunalipandisha gari kwenye magogo, tunakwangua sehemu chache kwa zamu, na mmoja wetu anaandika. Anaandika tarehe, sehemu iliyokwanguliwa, alichokiona na kilichopakwa. Siku tukiliuza, daftari litakwenda pamoja na gari, mnunuzi asome mwenyewe. Huu hapa ukurasa mmoja:

Julai 6. Gari limepandishwa. Limeoshwa chini.

Julai 9. Tao la nyuma kulia. Lami imekwanguliwa kiasi cha kiganja. Chuma kizima. Lami imerudishwa.

Julai 10. Tao la nyuma kushoto. Kutu ya juu tu. Msasa, rangi ya msingi mara 2. Lami itapakwa Julai 12.

Julai 11. Paipu ya breki ya nyuma. Ina vishimo karibu na kifungio cha pili. Imeagizwa mpya Bukoba.

Julai 12. Boriti ya nyuma, kona ya kulia. Bisibisi imeingia. Tundu kama sarafu ya shilingi 100. Gari halitoki mpaka lichomelewe.